Nkambo wetu alizikwa wapi? Tulimutafuta mmoja, tukapata wawili

Ku kilio ya baba mukubwa, mwaka jana, mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili aliuliza mbele ya watu wote: «Na nkambo mwenye alizaa baba mukubwa, yeye alizikwa wapi?» Wazee wakaangaliana. Mmoja akasema Lubumbashi. Mwingine akasema Likasi. Wa tatu akasema: «Ule balimupiga masasi mu 1941, hata kaburi hana.» Mtoto akanyamaza, lakini sisi tulirudi nyumbani na swali lile kichwani.

Familia nyingi za Katanga ziko na swali kama hilo. Élisabethville ilianza mwaka wa 1910, wakati reli ilifika kutoka kusini, na wankambo wetu wengi hawakuzaliwa hapa. Union Minière, ile wazee wanaita Changa-Changa, ilitafuta wafanyakazi mbali: Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Lomami, Kasai, Ruanda-Urundi. Mwanzoni watu walikuja kwa miezi michache na kurudi. Kutoka mwaka wa 1928 hivi, kampani ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuacha mwanaume alete bibi na watoto. Njo vile kambi zilijaa familia. Lakini mwenye kukumbuka majina ya ukoo alibaki kijijini, na kaburi likabaki hapa. Hivi vitu viwili havikukutana tena.

Tulianza na wazee, si na makaratasi. Mtu anayetafuta wankambo wake aanze hivyo, maana karatasi inaweza kungoja, lakini mzee hangoji. Tulikaa na baba mudogo, mtoto wa mwisho wa nkambo, tukaandika kila kitu mu kaye: jina, kijiji, chifu, kambi, jina la bibi, majina ya majirani. Hatukuuliza «mwaka gani?» kwa sababu swali hilo linafunga kinywa. Tuliuliza: «Ilikuwa mbele ya vita ao nyuma? Uhuru ulikukuta na umri gani? Nani alikuwa bosi?» Kila jibu likatupatia kamba ya kushika.

Baba mudogo hakuwa na shaka. «Nkambo yenu alikufa ku uwanja wa mpira, siku ya masasi. Miye nilikuwa mtoto wa mgongoni.»

Siku ya masasi inajulikana. Mu Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mishahara. Tarehe 9 Desemba, Élisabethville, walikusanyika ku uwanja wa mpira. Gavana Maron alikuja kusema nao, nao walisema kupitia Léonard Mpoy. Askari wakapiga. Mpoy alikufa, na makumi ya wengine pamoja naye. Hesabu ya wafu inabishaniwa mpaka leo. Kwa familia yetu, kuwa na nkambo kati ya wale ilikuwa heshima kubwa. Tulikua na hadithi hiyo.

Makaratasi yetu wenyewe tulikuwa hatuna. Mwaka wa 1993, wakati watu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, jamaa yetu walilala ku gare majuma mengi, halafu wakapanda treni na kile mkono unaweza kubeba. Walibeba sufuria, matela, watoto. Sanduku la makaratasi la nkambo lilibaki ndani ya nyumba. Ni familia ngapi zilipoteza majina yao siku zile? Mtu anapopoteza nyumba, watu wanalia naye. Anapopoteza buku ya kazi ya baba yake, hakuna anayeona.

Basi tukatafuta kwa wengine. Mlango wa kwanza ni paruasi. Mapadri waliandika kila ubatizo: jina la mtoto, la baba, la mama, siku. Lakini shika hili: mu buku utakuta majina ya Kikristo, na mwaka wa 1972 Mobutu alitukataza majina yale. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana. Na padri aliandika vile sikio lake lilisikia: Tshi, Chi, Ki, yote inaweza kuwa mtu mmoja. Kwa hiyo usitafute jina moja. Tafuta jina, mama, na kijiji pamoja.

Siku ya tatu, kidole chetu kikasimama. Ubatizo wa baba mudogo, mu Machi 1944. Mtoto wa juma tatu. Baba: nkambo wetu. Mama: nkambo wetu mwanamke. Karte yake inasema «vers 1940», sawa karte za wazee wengi ambao mwaka wao ulikisiwa tu na mwenye kuandika.

Tulimupelekea kopi. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. «Karatasi ya muzungu njo itanifundisha baba yangu?» Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alitupigia simu, akicheka: «Mulifikiria vizuri? Kama tata alikufa mu 1941, miye nilizaliwa na nani?»

Mlango wa pili ni dosie ya kazi. Kila mfanyakazi alikuwa na matrikile, na mu dosie yake mara nyingi wanaandika kijiji, chifu, bibi, watoto, na sababu ya kutoka kazini. Union Minière nyuma ikawa Gécamines, na dosie zikafuata. Karatasi zingine za kampani ziko Bruxelles, mu arshive ya serikali ya Ubelgiji. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitumia dosie hizo pamoja na maneno ya wazee, akatuonyesha kwamba kimoja bila kingine hakitoshi. Sisi, matrikile tuliipata nyuma ya picha ya zamani. Dosie ilisema: alikufa mwaka wa 1947, ku lopitalo, ugonjwa wa mapafu.

Hapo furaha ilituisha. Tulikuwa tumevunja hadithi ya familia, na mahali pake tuliweka kikohozi.

Lakini swali moja lilibaki: hadithi ile ilitoka wapi? Mtu hatungi kifo cha baba wa watoto wake bure. Tukaenda Mwene-Ditu kumuona mama mmoja anayekaribia miaka 95, aliyekuwa msichana mu kambi ile ile. Tulimutajia jina la nkambo. Akatuangalia kama watoto wajinga.

«Ule wa mapasa? Balikuwa babili. Moya alikufa ku mpira, ule mwingine alikufa ku lopitalo. Njo mulibachanganya.»

Kwa Baluba wa Kasai, mapasa wanaitwa Mbuyi na Kabanga. Nkambo wetu alikuwa na moja ya majina hayo mawili. Tulilitaja jina lile miaka yote, ku kila kilio, ku kila sala, na hakuna mtu aliyeuliza: na mwenzake, iko wapi? Alikuwa kijana, hakuoa, hakuacha mtoto wa kumulilia. Kifo chake kikapewa ndugu yake, na yeye akafutika.

Karatasi yake hatujaiona. Lakini ku matanga ya mwaka, mu mwezi wa nane, baba mudogo alisimama akataja majina mawili, lile tulilolijua na lile la pili. Halafu akamugeukia yule mtoto aliyeuliza. «Mmoja amezikwa Lubumbashi, ku makaburi ya kambi. Mwingine hatujue, lakini sasa tunajua kwamba hatujue.» Mu mwezi wa kumi na moja, bibi ya kaka yetu alizaa mtoto mwanaume. Musiulize jina lake: mumekwisha kulijua.

Kama kwenu kuna mzee, muende na kaye na kalamu. Si juma lijalo. Muulize majina, na jina likiwa la mapasa, muulize juu ya yule mwingine.