Viroboto wa Mbwa, na Jinsi ya Kuwaondoa

Wapo wasomaji watakaocheka wakiona habari ya viroboto imewekwa katika ukurasa huu, na pengine watasema, "Je, hamna jambo kubwa zaidi la kutuandikia?" Twawaomba wasome mpaka mwisho, kwa maana mdudu huyu mdogo huwatesa watu na wanyama katika nyumba nyingi za Ilemela, tangu Kirumba na Pasiansi mpaka Igombe, Kayenze na Sangabuye. Wengi hupigana naye mwaka mzima bila kumshinda, kwa kuwa hawajui mahali akaapo.

Sisi wenyewe tulikuwa katika ujinga huo. Tulikuwa na mbwa mmoja, mlinzi wa mbuzi, na kila Jumamosi tulimwogesha kwa sabuni. Jumapili alilala kwa raha. Jumatano alikuwa akijikuna tena, hata manyoya ya mgongoni karibu na mkia yakaanza kutoka. Tukailaumu sabuni, tukanunua nyingine. Kumbe kosa halikuwa la sabuni. Tulikuwa tukimwosha mbwa, lakini gunia alilolalia chini ya ghala hatukuligusa hata siku moja.

MAISHA YA KIROBOTO

Kiroboto hana mabawa. Mwili wake umebanwa ubavuni, ndiyo sababu hupita upesi kati ya manyoya. Na miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi ya kuruka. Yule aonekanaye zaidi juu ya mbwa ni yule ambaye wataalamu humwita kiroboto wa paka, naye hukaa kwa paka na kwa mbwa pia. Basi mwenye mbwa na paka asidhani kwamba kila mnyama ana wadudu wake mbali.

Jike akisha kunywa damu huanza kutaga baada ya siku moja au mbili, naye aweza kutaga mayai 20 mpaka 50 kwa siku. Mayai hayo hayashiki manyoyani, bali huanguka kila mahali mbwa apitapo, na zaidi pale alalapo. Kwa siku 2 mpaka 10 huanguliwa yakawa mabuu madogo meupe. Buu hilo huukimbia mwanga. Hujificha mchangani, katika nyufa za sakafu na chini ya takataka, likila mavi makavu ya viroboto wakubwa, ambayo kwa kweli ni damu iliyokauka. Kisha hujifumia kifuko kinachoshikwa na vumbi hata kisionekane, na humo hugeuka kiroboto kamili.

Katika nchi ya joto kama yetu mambo hayo yote yaweza kutimia kwa wiki 3 au 4. Lakini kiroboto aliye ndani ya kifuko aweza kungoja miezi kadhaa, mpaka asikie mtikisiko wa nyayo, au joto la mwili, au pumzi. Ndiyo sababu mwalimu aliyefunga nyumba yake wakati wa likizo, akarudi na kufungua mlango, huvamiwa miguuni na viroboto wengi, ingawa mbwa hakuwapo siku zote hizo. Wadudu walikuwa wakimngoja.

Wataalamu hukadiria kwamba katika viroboto 100 wa nyumba moja, pamoja na mayai, mabuu na vifuko, wale walio juu ya mbwa ni kama 5 tu; 95 wako chini. Basi amwoshaye mbwa peke yake hupigana na sehemu ndogo kabisa ya adui.

MADHARA YAKE

Mbwa mzima hukonda kwa kukosa usingizi, na ngozi yake huota vidonda kwa kujikuna. Mtoto wa mbwa ni hatari zaidi: viroboto wengi waweza kumnyonya damu hata ufizi ukawa mweupe, akafa.

Tena kiroboto hubeba tegu. Mbwa ajiumapo humeza viroboto, na tegu hukua tumboni mwake. Mwenye mbwa ataona vipande vidogo kama punje za mchele karibu na mkundu. Mtoto achezaye na mbwa akimeza kiroboto kwa mikono michafu, naye aweza kupata tegu huyo. Kwa hiyo haifai kupasua viroboto kwa kucha, kama wengi wafanyavyo.

Funza naye ni aina ya kiroboto, na mbwa humbeba nyayoni. Hakuwa mdudu wa Afrika. Aliletwa kwa meli kutoka Brazil mpaka Angola mwaka 1872, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kufika nchi za Ziwa. Na tusisahau tauni. Mwaka 1898 mganga Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba ugonjwa uliowaua watu wa Kiziba, magharibi ya Ziwa letu, ulikuwa tauni. Na mwaka huo huo Mfaransa Paul-Louis Simond, huko Karachi, alionyesha kwamba ugonjwa huo huletwa na viroboto vya panya. Viroboto wa mbwa si wabebaji wakuu wa tauni, walakini nyumba chafu iwafaayo hao huwafaa na wale wa panya.

NJIA YA KUWAONDOA

Kwanza, hakikisha. Mchane mbwa juu ya karatasi nyeupe. Ukiona chembe nyeusi, zitie tone la maji. Zikitoa wekundu ni mavi ya viroboto.

Pili, mwoshe mbwa kwa maji na sabuni ya kawaida isiyo kali. Anza kwa kuzungusha povu zito shingoni, ili viroboto wasikimbilie kichwani na masikioni. Acha povu dakika 5 mpaka 10, kisha suuza vizuri. Halafu mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, na kila kiroboto mtie katika bakuli la maji ya sabuni. Watoto wa mbwa walio wadogo sana wasitiwe dawa. Kitana kinatosha, mpaka Bwana Mifugo aseme.

Tatu, siku hiyo hiyo shughulikia malalo. Gunia kuukuu na majani lichomwe. Nguo ifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Fagia sakafu, pembe zote na chini ya vitanda, uzibe nyufa. Takataka zichomwe moto, wala zisitupwe karibu na mlango. Uani, ondoa takataka zilizo kivulini ili jua liingie, maana buu hufa kwa ukavu na jua kali. Banda la kuku lisisahauliwe, kwa kuwa yuko kiroboto wa kuku ambaye hung'ang'ania kandokando ya masikio ya mbwa.

Nne, rudia kila wiki, wala usiache unapoona nafuu. Vifuko vitaendelea kutoa viroboto wapya kwa wiki nyingi. Kazi hii haina budi kuchukua miezi 2 au 3. Wanyama wote wa nyumba watibiwe pamoja.

Tano, ziko leo dawa nzuri za matone ya shingoni na vidonge. Umwulize Bwana Mifugo wa kata, naye atakupa kwa kadiri ya uzito wa mbwa, pamoja na dawa ya tegu.

MAMBO YA KUKATAZA

Usimpake mbwa mafuta ya taa. Huunguza ngozi, naye ajilambapo humdhuru. Usimpake dawa ya pamba, wala usikisie mwenyewe dawa ya josho la ng'ombe. Sumu hizo hupenya ngozi. Mbwa hutoka mate mengi, hutetemeka, hufa, na mtoto amshikaye aweza kudhurika vivyo hivyo. Dawa ya mbwa yenye permethrini isitiwe paka kamwe, maana humwua.

Zaidi ya yote, usimpeleke mbwa ziwani kumwosha. Asimamaye majini ufukoni aweza kupata kichocho, na dawa nyingi za wadudu huua samaki hata zikiwa kidogo sana. Sisi tulao sangara, sato na dagaa wa Ziwa hili tusilitie sumu kwa mikono yetu wenyewe. Teka maji kwa ndoo, mwoshe mbwa mbali na ufuko, na maji machafu yamwagwe mchangani.

Mbwa wetu, tulipochoma lile gunia na kufagia chini ya ghala kila wiki, alipona katika mwezi wa tatu, na manyoya yakaota tena. Hatukutumia fedha nyingi kuliko zamani. Tulitumia ufagio zaidi.

Twawaomba walimu wawafundishe watoto habari hii, na wazee na wenyeviti wa mitaa waitangaze mikutanoni. Mtu mmoja akisafisha ua wake, na jirani akiacha, wadudu watarudi kwa njia ya mbwa wa jirani. Lakini mtaa mzima ukishika kazi kwa siku moja, kiroboto atakosa mahali pa kungojea.