Mi-solo ni gitaa gani?

Ndugu wazazi na vijana wa Kabeza, mumesikia wapiga muziki wa Kongo wakisema "akompa", "solo" na "mi-solo". Si magitaa ya aina tatu, ni kazi tatu. Akompa anashika wimbo usianguke, solo anaimba juu, na mi-solo, yaani "nusu solo" kwa Kifaransa, anajaza katikati.

Watoto wetu wote wanataka solo. Wote wakipiga solo, nani atashika wimbo?

Na asiye na gitaa? Tangu miaka ya 1980, atalaku wa Kinshasa, yule mwenye kuita watu wacheze, anatikisa kopo tupu la dawa ya wadudu. Nyumbani tumieni kopo la maziwa na vijiwe. Lile la dawa ni sumu.