Tumbusi Wamekwenda Wapi?

Mwezi uliopita punda wa jirani yetu alikufa nje ya mji wetu wa Ngomeni, upande wa mashamba ya chumvi. Siku ya kwanza hakuna aliyejali. Siku ya tatu upepo ukatuletea harufu hadi barazani, na mbwa wasio na wenyewe wakawa wanagombana usiku kucha. Vijana wakaulizana ni kazi ya nani kumwondoa. Mimi nikatazama juu. Hapakuwa na kitu.

Zamani hilo halikuwa swali. Nilipokuwa mtoto, mnyama akifa asubuhi, adhuhuri tumbusi wameshamzunguka, na hata alasiri haijaingia haisalii ila mifupa. Sisi watoto tukiwatupia mawe na kuwaita walafi. Kwa kuwa nyamafu ni haramu kwetu, tulimwona anayeila kuwa mchafu, tusifikiri kwamba ndiye aliyekuwa akituondolea uchafu. Tumbo lake lina asidi kali inayoua hata vijidudu vya kimeta.

Ami yangu, Mungu amzidishie umri, alikuwa na mbuzi upande wa bara, njia ya Marafa. Fisi alipomuua mbuzi wa pili, Ami alinunua dukani dawa ya wadudu wa shambani, ile ya chembechembe, nami nikamshikia taa akiipaka kwenye mzoga. Alfajiri tulimkuta fisi mmoja amekufa. Tukafurahi, tukaenda zetu. Tuliporudi baada ya adhuhuri, tumbusi 11 walikuwa wamelala pale pale, mmoja bado akipiga bawa. Niliwahesabu mara mbili. Ami akasema, "Waache, mwanangu, hao hawaliwi."

Ami si mtu mbaya. Wafugaji wengi wa Kenya waliochoshwa na simba na fisi wamefanya vivyo hivyo. Lakini tumbusi huchungana angani. Mmoja akishuka, wengine humfuata kutoka mbali, na mzoga mmoja wenye sumu huweza kuua makumi. Jike la tumbusi wakubwa hutaga yai 1 tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka kadhaa kabla naye hajazaa. Kenya ina aina 8 za tumbusi. Mwaka 2015 shirika la IUCN lilitangaza kuwa aina 4 kati ya hizo zimo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mmoja wao ni yule anayeitwa tumbusi wa Rüppell. Mwaka 1973 ndege huyo aligongana na eropleni juu ya Abidjan, kiasi cha mita 11,000 kutoka ardhini! Na sisi wa Ngomeni tulidhani warukao juu ni roketi za Waitaliano peke yake, zile zilizopeleka setilaiti kutoka San Marco kati ya 1967 na 1988.

Wamarekani nao yaliwafika. Kondori wa California, ambaye pia huishi kwa mizoga, walibaki 22 tu mwaka 1982. Wengi walikufa kwa kumeza vipande vya risasi katika wanyama walioachwa na wawindaji. Mwaka 1987 alikamatwa wa mwisho aliyekuwa porini, wakazalishwa vizimbani, na tangu 1992 wakaanza kurudishwa nyikani. Leo wanapita 500. Hata hivyo risasi zile zile zingali zikiwaua, kwani ndege amerudishwa lakini pori halijasafishwa.

Hapa kwetu shirika la The Peregrine Fund limekuwa likiwafundisha wafugaji na askari wa wanyama: zizi liwe imara na lifungwe usiku, na mzoga wenye sumu uchomwe au uzikwe upesi. Zizi la Ami lilikuwa la miba, na mlango wake gunia.

Nilimweleza haya barazani baada ya Isha. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Wale 11, walikuwamo wenye makinda?"

Nikamwambia sijui.

Asubuhi yake tulimzika punda, watu 4 kwa majembe. Ardhi ya kule ni ngumu. Hata Magharibi ikaadhiniwa hatujamaliza.