Jeraha Limefunga, Lakini Karatasi Yasemaje?

Siku hizi si ajabu tena kusikia kwamba mtu wa milimani kwetu amepasuliwa kichwa, akatolewa uvimbe, akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Babu zetu wasingesadiki. Mwaka 1884 huko London, daktari Rickman Godlee alimtoa mkulima kijana uvimbe wa ubongo. Kisu kilifanya kazi yake vizuri, lakini jeraha likaingia vijidudu, na kabla ya mwezi kutimia kijana yule alikuwa amefariki. Hapa nchini, mwaka 2006 mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alifika katika hospitali ya Kilutheri ya Haydom akamfundisha tabibu wa Kitanzania, Emmanuel Mayegga, kazi ya kupasua kichwa. Na kule Dar es Salaam taasisi ya MOI pale Muhimbili, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1996, inafanya upasuaji huo.

Basi habari ya kisu naiacha hapo. Ninalotaka kusema ni habari ya majuma yanayofuata, wakati mgonjwa amekwisha kurudi Gonja, nyuzi zimetolewa, nywele zimeanza kuota, na watu wanakuja na ndizi na kuku kumpa pole. Hapo ndipo penye hatari ya kukosea. Mgonjwa akila makande sahani nzima, jamaa husema, "Amepona!" Kumbe jeraha la nje na habari ya ndani ni vitu viwili.

Mpasuaji anapotoa uvimbe huwa hautupi. Hukata kipande akakipeleka maabara. Huko hukatwa vipande vyembamba sana, vikatiwa rangi, na mtaalamu akavitazama kwa hadubini. Yeye ndiye anayeandika uvimbe ni wa namna gani na wa daraja gani. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, mara nyingi mgonjwa amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani, na kwa hiyo hupewa tarehe ya kurudi kusikia majibu. Tarehe hiyo ndiyo watu wanayoidharau. Nauli ya kutoka Maore mpaka Same, na kutoka Same kuendelea mbele, si kitu kidogo. Na kama mtu anaonekana mzima, kwa nini kupoteza fedha? Sisi Wapare tunatajwa kwa kupenda kesi, tena kwa kukata rufani mpaka mahakama ya juu kabisa kwa ajili ya hatua tatu za shamba. Lakini karatasi ya hospitali tunaikunja, tunaiweka chini ya godoro, wala hatuulizi hata neno moja juu yake.

Yuko mama mmoja wa huku kwetu, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, aliyetolewa uvimbe upande wa kushoto wa kichwa. Nilipoitwa nyumbani kwake kusoma karatasi zake, jamaa walikuwa wamekusanyika kana kwamba ni shauri la urithi. Shemeji yake mkubwa alisema ng'ombe auzwe, mama apelekwe Dar es Salaam kupigwa mionzi mara moja. Binti yake alisema mama amechoka, na tangawizi iko shambani inangoja kuchimbwa, aachwe apumzike. Mwingine akasema mionzi huunguza ubongo, afadhali dawa ya miti shamba. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, na hakuna aliyemwuliza. Tangu upasuaji maneno yalikuwa yakimjia polepole. Alitaka kusema "sufuria" akasema "kile cha kupikia". Basi watu walimhesabu kuwa hawezi kuamua jambo.

Nilipouliza, "Mama, wewe wasemaje?" alikaa kimya muda mrefu, watu wakaanza kumjibia. Akainua mkono kuwanyamazisha. Akasema, "Karani, maneno ndiyo yanayochelewa. Akili haijachelewa. Nisomeeni kwanza."

Ninyi mnaouguza wagonjwa wa namna hii, likumbukeni neno la mama huyu. Uvimbe ulio karibu na mahali pa usemi, au uvimbe wa maji unaofuata upasuaji, huweza kufunga ulimi wa mtu huku fahamu zake ni timamu. Ni kweli wako wengine ambao fahamu nazo huguswa. Wengine hukasirika upesi, wengine hulia bila sababu, au husahau mambo ya asubuhi. Lakini hilo hujulikana kwa kumwuliza polepole, swali moja moja, na kungoja jibu. Halijulikani kwa kumtazama.

Karatasi ilisema uvimbe wake ni meninjioma, daraja la 2, na kwamba umetolewa wote kadiri ya macho ya mpasuaji. Meninjioma huota katika ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo, si katika ubongo wenyewe. Nyingi ni za daraja la 1: hukua polepole, na zikitolewa zote mara nyingi mgonjwa hupigwa picha tu kila baada ya muda fulani, basi. Za daraja la 3 ni kali, na hizo hufuatwa na mionzi. Daraja la 2 liko katikati, na hapo ndipo penye mashaka. Uvimbe huo huweza kurudi, lakini si lazima urudi. Mionzi hupunguza hatari ya kurudi, lakini nayo ina gharama yake mwilini. Hata madaktari wakubwa wa Ulaya hawakuwa na neno moja juu yake. Mwaka 2015 ulianzishwa uchunguzi mkubwa uitwao ROAM kwa ajili ya swali hilohilo: uvimbe wa daraja la 2 ukiisha kutolewa wote, ni heri mionzi mara moja, au kungoja na kutazama? Kwa hiyo shemeji na binti, waliokuwa karibu kugombana, kila mmoja alikuwa na madaktari upande wake bila kujua.

Si kila uvimbe unaruhusu kungoja. Ule uitwao glioblastoma huota katika ubongo wenyewe, na mizizi yake huenea kuliko kisu kinavyoweza kufika. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Waliopigwa mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12 hivi. Waliopata mionzi pamoja na vidonge vya temozolomaidi, nusu yao walipita miezi 14 na nusu. Mtu atasema, "Ni miezi miwili tu na kidogo!" Lakini tazameni mbele zaidi: baada ya miaka 2, katika kila watu 100 waliopata dawa zote mbili, 26 walikuwa hai, wa mionzi peke yake walikuwa 10. Mwenye watoto wadogo na mwenye wajukuu waliokwisha kuoa hawatapima hesabu hiyo kwa mizani moja, wala hawapaswi kulazimishwa.

Kwa wazee kuna habari ambayo jamaa wengi hawaijui. Mionzi ya kawaida kwa uvimbe huo ni mara 30, siku tano kwa juma, majuma 6. Uchunguzi wa Kanada uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kwa watu wa miaka 60 na zaidi, majuma 3 yalileta umri uleule kama majuma 6. Majuma 3 ya kulala kwa ndugu Dar es Salaam ni mzigo unaobebeka. Majuma 6 huweza kumaliza fedha, hata udugu. Ulizeni.

Tena ziko glioma za daraja la chini, ambazo hukua polepole na huwapata hata vijana. Kwa hizo uchunguzi mwingine wa Ulaya, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba mionzi ya mapema ilichelewesha kurudi kwa uvimbe kwa karibu miaka 2, lakini umri wa kuishi haukuzidi. Ndiyo sababu nasema jina na daraja lililo kwenye karatasi ndilo linaloamua, wala si habari za jirani ambaye mjomba wake naye "alikuwa na kichwa".

Mionzi yenyewe haiumi. Mgonjwa hutengenezewa kinyago cha plastiki kinachoshika uso usitikisike, akalala mezani dakika chache, akaondoka. Uchovu huja baadaye, mzito, na nywele hutoka mahali palipopigwa. Baada ya miaka kumbukumbu huweza kupungua. Wengi wa nchi hii wamepigiwa mionzi Ocean Road, katika hospitali iliyojengwa na Wadachi mwaka 1897 mbele ya bahari. Bugando kule Mwanza nao wana mashine. Kabla ya kufunga safari ndefu, ulizeni kwanza KCMC pale Moshi wana nini sasa na wanaelekeza wapi, kwa kuwa huduma hizi zinaongezeka. Na asiye na uwezo asione haya kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ndiyo kazi yao.

Wakati wa kufikiri hayo, vidonge visiachwe. Deksamethasoni, ambayo hutuliza uvimbe wa maji ubongoni, humfanya mtu ashikwe na njaa na uso ujae. Majirani husema, "Amenenepa, amepona," naye anaacha dawa siku hiyohiyo. Ni hatari sana. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Dawa za kifafa nazo ni vivyo hivyo, hata kama hajaanguka kamwe tangu upasuaji. Na huyo asipike peke yake kwenye mafiga, asipande bodaboda mbele kama dereva, wala asipite peke yake kando ya ndiva. Akipata homa, au maji meupe yakivuja penye jeraha, au kichwa kikizidi kuuma pamoja na kutapika, au mguu mmoja ukivimba, msingoje tarehe. Mpelekeni hospitali siku hiyo.

Mama yule alirudi kusikia maelezo kwa daktari, safari hii akiwa na maswali yake yameandikwa kwenye daftari la mjukuu: Kilichobaki ni kiasi gani? Nikingoja, picha ni kila baada ya miezi mingapi? Uvimbe ukirudi, mionzi itakuwa bado inawezekana? Nikipigwa sasa, nitapoteza nini? Daktari alijibu yote, akasema njia zote mbili ni halali kwake. Mama alichagua kungoja, apigwe picha ya MRI kila baada ya miezi 6, na kama kitu kikionekana, aende kwenye mionzi bila mabishano. Shemeji hakupendezwa, lakini alikubali kwamba ng'ombe asiuzwe. Amefungwa kwa ajili ya nauli na picha, wala hakuna ruhusa ya kumtoa kwa harusi au kwa kesi. Tangawizi ilichimbwa kwa msaragambo, mama akiwa kivulini anawahesabia magunia, polepole. Tarehe ya picha ya kwanza mjukuu ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango.