Kikomo cha mpasuko wa tetemeko la ardhi

Kikomo cha mpasuko wa tetemeko la ardhi ni mahali ambapo miamba iliyokuwa ikiteleza kando ya ufa huacha kuteleza. Ukubwa wa tetemeko hutegemea hasa eneo la ufa lililoteleza na umbali wa mtelezo. Kwa hiyo mpasuko unaoishia karibu huleta tetemeko dogo kuliko ule unaoendelea kwa mamia ya kilomita.

Athari ya umbo la ufa

Nyufa nyingi ndefu hazijanyooka. Hupinda, hugawanyika kama matawi, au ufa mmoja hukoma na mwingine huanza pembeni yake. Mahali ufa unapopinda kwa namna ya kuzibana pande zake, msuguano huongezeka na mtelezo huwa mgumu. Mahali pande zinapoachana, ardhi hudidimia na kufanya bonde. Palipo na pengo kati ya nyufa mbili, mpasuko unaweza kuruka ikiwa mkazo unaofika upande wa pili unatosha kuuvunja.

Mwaka 2006 Steven Wesnousky, mtaalamu wa matetemeko kutoka Marekani, alichapisha uchunguzi wa matetemeko 22 ambamo pande za ufa ziliteleza kwa mlalo. Takriban theluthi mbili za ncha za mipasuko hiyo zilikuwa kwenye mapengo au miisho ya nyufa. Mapengo yaliyozidi kilomita 3 hadi 4 hayakuvukwa. Yaliyo madogo kuliko hayo yalisimamisha mpasuko mara 40 hivi kati ya 100.

Mifano

Tarehe 28 Juni 1992 tetemeko la Landers, California (kipimo 7.3), liliunganisha nyufa tano ambazo kila moja ina jina lake. Nchini Uturuki, tetemeko la İzmit la tarehe 17 Agosti 1999 liliua watu zaidi ya 17,000. Mpasuko wake ulisimama upande wa mashariki, lakini tarehe 12 Novemba sehemu iliyofuata ilivunjika karibu na Düzce (kipimo 7.2).

Umuhimu

Wataalamu hutumia ramani za nyufa kukadiria tetemeko kubwa linaloweza kutokea mahali fulani. Hata hivyo pengo si ukuta. Tetemeko la Kaikōura, Nyuzilandi, mwaka 2016 lilivunja nyufa zaidi ya kumi. Tena, mpasuko unaposimama huacha mkazo mpya mbele yake, hivyo wakazi wa huko hawana sababu ya kujiona salama.