Waya wa umeme wa nje: chagua bomba litakaloilinda familia yako

Leo tuuangalie waya wa umeme unaotoka ndani ya nyumba kwenda kwenye choo cha uani, pampu ya kisima au taa ya barazani. Huenda ukasema hilo ni jambo la mafundi. Lakini waya huo ukivuja, majeruhi huletwa kwetu hospitali, na wengine huletwa wakiwa wameshachelewa.

Kwa nini nje kuna hatari zaidi?

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi fulani, lakini ngozi iliyolowa huupitisha kwa wingi. Mfikirie anayetawadha akiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Umeme ukipita kifuani huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata damu isifike kwenye ubongo. Misuli ya mkono nayo hukaza, mtu akashindwa kuachia alichokishika.

Aidha, waya uliochubuka ukigusa bati, paa zima linaweza kuwa na umeme. Ikiwa kamba ya kuanikia nguo ni ya waya na imefungwa kwenye paa hilo, atakayepigwa ni mama anayeanika nguo mbichi.

Bomba lipi, mahali gani?

Ukutani penye jua: Mabomba mepesi ya plastiki ya kufukiwa ndani ya ukuta hayafai hapa. Jua huyakausha, yakapasuka na kuingiza maji ya mvua. Dukani ulizia bomba nene la umeme lililotengenezwa kuhimili jua. Wapo wanaopitisha waya ndani ya mpira wa kumwagilia bustani kwa kubana matumizi. Mpira huo si bomba la umeme.

Ardhini: Usifukie waya wa kawaida ukiwa mtupu, kwani jembe moja tu linatosha kuukata. Tumia kebo maalumu yenye nyuzi za chuma ndani ya ganda lake, au bomba nene. Shimo lisipungue nusu mita, na panapopita magari lizidi hapo. Juu yake weka utepe wa tahadhari kabla ya kumaliza kufukia.

Panapogongwa-gongwa: Bomba la chuma lina nguvu, lakini wakazi wa pwani wajue kwamba chumvi ya bahari hulila. Liwe limepakwa zinki, na ni lazima liunganishwe na waya wa ethi. Bila ethi, waya ukichubuka ndani, bomba lenyewe ndilo litakalopiga watu.

Ukubwa na maungio: Yanayotumika sana ni ya milimita 20 na 25. Usishindilie waya, zisijaze hata nusu ya nafasi ya ndani, la sivyo joto litakosa pa kutokea na ganda litachubuka wakati wa kuvuta. Viungio vibandikwe kwa gundi yake. Visanduku viwe vya kuzuia maji, na bomba liingie kwa upande wa chini ili mvua isifuate waya hadi ndani.

Bomba peke yake halitoshi

Mwambie fundi aweke kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja, cha miliampia 30. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara uone kama kinakata. Na kwa Tanzania Bara, fundi awe na leseni ya EWURA.

Mtu akipigwa na umeme

Usimshike kwa mikono. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama mahali pakavu umtenganishe na waya kwa mti mkavu. Kama hapumui, ita msaada, kisha mgandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali, kwa sababu jeraha dogo la umeme kwenye ngozi huweza kuficha madhara makubwa ndani ya mwili.

Ndugu msomaji, kabla jua halijazama leo, zunguka nyumba yako. Ukiona bomba lililopasuka au waya ulio wazi, usiuguse. Zima umeme wa upande huo na umwite fundi, na watoto wasikaribie hapo mpaka amalize kazi.

Wabillahi tawfiq.