Maji ya Gikomba Huishia kwa Heroe

Ukishuka kutoka Majengo kuelekea Gikomba unaukuta Mto Nairobi, mweusi, umebeba chupa na vipande vya mitumba. Haya wajukuu zangu, nijibuni: maji yale huenda wapi?

Huenda baharini. Yanaungana na Mto Athi, yanaporomoka pale Fourteen Falls, yanapita Ukambani hadi mbuga ya Tsavo Mashariki, na huko mto unaitwa Galana. Ukikaribia pwani unabadili jina tena, unaitwa Sabaki. Unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi, karibu na Mambrui.

Pale mlangoni mto unachoka, unatua matope yake. Maji yakipwa, matope hubaki wazi yamejaa minyoo na vikaa, na ndege wanajua. Heroe huinamisha shingo, mdomo juu chini, wakichuja chakula. Vitwitwi hufika kutoka Siberia wakikimbia theluji. Kuna ndege mmoja wa kahawia anayezaliana Madagaska kisha huvuka bahari. Mwezi wa Agosti ndege hao wa Madagaska hukusanyika Sabaki kwa maelfu. Viboko nao wapo, tena hatua chache tu kutoka kwenye mawimbi! Mchana hujilaza majini, usiku hutoka kula majani, na ole wake mwenye shamba.

Mahali kama hapo hapalindwi kwa bunduki. Vijana wa vijijini hupanda mikoko, mizizi yake ikashika udongo na kuficha samaki wachanga. Huwaongoza wageni wasiwakurupushe ndege, maana ndege anayejiandaa kwa safari ya maelfu ya kilomita anaweka mafuta mwilini, na kila akirushwa bure anayapoteza. Watu wenye darubini nao huja kuwahesabu ndege wa maji. Wakipungua, wajue kuna jambo.

Lakini walinzi hao wana shida moja ambayo hawaiwezi peke yao. Mashamba ya bara yakikosa miti, mvua huchota udongo, na bahari ya Malindi hugeuka nyekundu. Matope kiasi ni chakula; yakizidi ni balaa. Hufunika matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa Malindi mwaka 1968, nayo matumbawe hayo hayaishi bila mwanga. Ongezeni na taka zetu za mjini. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mimi naona ilifanya vyema, ila chupa bado zinaelea. Kijana wa Mambrui atapanda mikoko mpaka achoke, hawezi kuzuia chupa iliyotupwa Gikomba.

Kuizuia ni kazi yetu sisi wa mjini. Mwaka uleule wa 1968 hifadhi ile ilipoanzishwa, wanafunzi wa Kenya walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vya wanyamapori shuleni. Kesho mwulizeni mwalimu wenu kama shule yenu ina klabu. Kama haina, mwombeni muianzishe, na kazi yenu ya kwanza iwe mto huu.